Kiganja Mgongoni mwa Alawi

— Huo mkono umefuata nini hapo?

Kalinga aliuliza hivyo huku akiisogeza simu hadi puani mwa Sosthenes, mwenzake wa karakana, kana kwamba Sosthenes ndiye aliyeipiga picha ile. Randa ilikuwa imelala juu ya ubao wa msonobari, na maranda yamewafunika viatu. Tangu asubuhi, hapo Mafinga, hakuna ubao ulionyooka mikononi mwa Kalinga.

Sosthenes alitazama. Picha ilitoka Kipro, kisiwa ambacho waumini wa Mafinga walikijua kwa safari ya Paulo na Barnaba tu. Barabara nyeupe ya changarawe ilikuwa ikipanda katikati ya mizeituni, na chini kabisa bahari ikimetameta. Waendesha baiskeli wawili walikuwa wakikipanda kilima bega kwa bega. Mmoja ni Alawi, kijana wa duka la vitambaa la Mbeya mjini, ameinama hata kidevu kinakaribia usukani. Wa pili ni Tumpe, mchumba wa Kalinga. Mkono mmoja wa Tumpe ulikuwa kwenye usukani. Wa pili ulikuwa mgongoni mwa Alawi.

— Anamsukuma, alisema Sosthenes.

— Kwa kiganja kizima?

— Ulitaka amsukume kwa kidole?

— Usinitanie, Sosthenes.

— Nani aliyemfundisha kusukuma hivyo? Si wewe, kule kwenye vilima vya chai vya Mufindi? Nilikuwa nyuma yenu, nikakusikia kwa masikio yangu: "Mlima ukimkataa mwenzako, usimpe maneno, mpe kiganja."

Kalinga aliivuta simu yake. Ilikuwa kweli, na ukweli ukimkuta mtu amekwisha kukasirika, humwongezea hasira. Yeye ndiye aliyestahili kuwa Kipro siku ile. Mashindano yale yalikuwa ya wawili wawili, mwanamume na mwanamke, na sharti wavuke mstari wa mwisho pamoja. Lakini gurudumu lilimteleza kwenye barabara ya vumbi ya msitu wa Sao Hill, akavunjika mtulinga. Akiwa amefungwa bandeji begani, alimwambia Tumpe kwa kinywa chake mwenyewe: "Mchukue Alawi. Ni mtu wa adabu." Siku ile adabu ya Alawi ilikuwa sifa. Leo imekuwa shitaka.

Akapiga simu.

— Kamwene, Kalinga! Sauti ya Tumpe ilikuja na upepo wa baharini. Umeiona picha? Umeuona mlima?

— Nimeiona. Na Mafinga nzima imeiona.

— Basi mbona sauti imenuna?

— Jezi ya Alawi ina kishikio mgongoni?

— Eti nini?

— Mkono wako ulikwenda kushika nini pale?



— Kalinga, mwenzangu alikuwa anaishiwa nguvu kwa jua. Ningemsukuma kwa kitu gani? Kwa sala?

— Sala ingetosha.

— Si wewe uliyeniambia nimchukue?

— Nilikuambia umchukue. Sikukuambia umpapase.

— Neno hilo lirudishe.

— Silirudishi.

— Kesho tuna kilima cha mwisho. Nimetoka Ilomba mpaka huku kupanda milima, sikuja kutukanwa.

Simu ikakatika.

Watu wa Mafinga wanaujua moto wa maranda. Hautoi ulimi, wala hauna kelele. Huingia chini ya lundo ukala pole pole, na juu maranda yakabaki meupe vilevile, hata siku mtu atakapokanyaga akazama hadi gotini. Wivu wa Kalinga ulikuwa moto wa namna hiyo. Alikula, akasalimia watu, akaitikia shikamoo za wadogo zake. Na ndani yake lundo lilikuwa linaungua. Jioni akaandika ujumbe:

"Kesho mtaoneshwa mubashara. Nikiuona tena mkono wako mgongoni mwa mtu yule, nitamtuma mshenga, Mzee Eliezeri, akalichukue jembe langu. Chagua."

Katika ukoo wa Kalinga, posa ikikubaliwa, mwanamume hupeleka kwa wakweze jembe ambalo mpini wake ameuchonga mwenyewe. Jembe likikaa, uchumba umekaa. Likirudi, hakuna baraza la kulijadili. Jembe la Kalinga lilikuwa limesimama nyuma ya mlango wa Mama Atuganile, mama yake Tumpe, huko Ilomba, Mbeya, mpini wake laini kama shavu la mtoto.

Jibu la Tumpe lilikuwa neno moja: "Nimesoma."

Kesho yake Sosthenes aliegemeza simu kwenye kopo la gundi, wakatazama. Jozi nyingine zilikuwa zimebaki nyuma; mbele ya Tumpe na Alawi ilikuwapo jozi moja tu, nayo ilikuwa inachoka. Changarawe zilikuwa zikiruka chini ya matairi. Kilima cha mwisho kilipanda kama ngazi, na mawe yake yalikuwa makavu kama mifupa.

— Watawapita! alipiga kelele Sosthenes. Watazame! Watawapita!

Ndipo Alawi akaanza kuyumba. Kichwa kilianguka, gurudumu la mbele likaanza kutafuta njia kama mlevi. Tumpe akaunyoosha mkono. Kiganja kikafika karibu kabisa na mgongo wa mwenzake, kikabaki hewani.

Kisha akaurudisha mkono kwenye usukani.

Gurudumu la Alawi lilipanda jiwe, likateleza, akaanguka ubavu. Jozi ya nyuma ikawapita. Nyingine ikafuata. Tumpe alishuka, akamwinua mwenzake, wakazikokota baiskeli hadi mstari wa mwisho wakiwa wamejaa vumbi jeupe kama watu waliotoka mashine ya kusaga.

Sosthenes aliizima simu.

— Umeridhika?

Kalinga alikuwa ameshinda. Alikuwa ametiiwa mbele ya dunia nzima. Alitafuta furaha kifuani mwake, akaikosa.

Juma lililofuata, Mzee Eliezeri, mshenga wake, aliingia karakanani na kitu kirefu kilichofungwa kwa kitenge.

— Shikamoo, Mzee.

— Marahaba. Hukunituma, lakini nimetumwa.

Akakifungua kitenge. Jembe lilikuwa safi. Halikuwa limegusa udongo.

— Binti amesema nikuambie neno kwa neno, nami silipunguzi: "Nilikutii mara moja, nikamwacha mwenzangu aanguke. Ndoa inayodai utii wa namna hiyo siitaki."

— Mzee, rudi ukaniombee.

— Nirudi? Jembe lililorudi halibebwi tena na mshenga, kijana. Hulibeba mwenyewe, mgongoni, nje nje, watu wakuone. Na wala si kwa basi. Aibu haipandi basi.

— Na wakinifukuza?

— Utarudi nalo. Ulidhani posa ni mchezo wa kutishana kwenye simu?

Mtulinga ulipoanza kushika, Kalinga alilifunga jembe mgongoni kwa mpira, akapanda baiskeli yake. Kila alipoweza aliiacha lami akafuata njia za vumbi za mashambani. Makambako wanawake wa sokoni walimcheka wazi wazi: "We kaka, shamba lako limekukimbia?" Alilala Igawa, akaondoka na umande. Lakini alipofika kwenye mpando wa Inyala, bega lilikataa. Maumivu yalimshika kama koleo. Mwendo ulipungua, usukani ukaanza kuyumba, na mpini wa jembe ukawa unamgonga kisogoni kila alipokanyaga.

Hapo ndipo alipohisi kiganja mgongoni, chini kidogo ya jembe.

— Tumpe? alinong'ona.

— Samahani, leo umepata mwenye ndevu. Usigeuke, utaanguka. Kanyaga.

Alikuwa Alawi, kwenye mazoezi yake. Kalinga aliona afadhali mlima umeze baiskeli na mpandaji wake. Lakini kiganja hakikuondoka, na miguu ikaendelea kukanyaga.

— Alawi, mimi ndiye niliyekuangusha kule.

— Najua. Nilioneshwa ujumbe wako baada ya mimi kuanguka. Kanyaga, kaka, usilie kwenye mpando.

— Niliuliza watu karakanani: huo mkono umefuata nini hapo?

Alawi alicheka hata akapaliwa.

— Mchumba wangu Shufaa naye aliiona picha ile. Unajua alisema nini? "Kumbe wewe ndiye unayesukumwa!" Mpaka leo ameiweka dukani, kila mteja anaoneshwa. Huyo ndiye mwanamke aliyenichoma moyo, si wako.

— Na bado unanisukuma?

— Tumpe alinifundisha neno moja. Mlima ukimkataa mwenzako, usimpe maneno, mpe kiganja. Sijui yeye alilitoa wapi.

Kalinga alilijua lilikotoka. 

Huko Ilomba, Alawi akabaki langoni; Mama Atuganile alisimama mlangoni, akamtazama mkwewe wa zamani kuanzia matairi hadi jembe.

— Shikamoo, Mama.

— Marahaba. Sijamwita mtu wa kunilimia.

— Nimekuja kuomba radhi.

— Mkosewa ni yule pale.

Tumpe alikuwa ukingoni mwa shamba la viazi, kando ya nyumba. Hakumsogelea. Kalinga alilifungua jembe, akalishika kwa mikono miwili.

— Nilikutukana, Tumpe, halafu nikakufanya umtupe mwenzako. Mkono wako ulikuwa sawa. Jicho langu ndilo lililooza.

— Bega limepona?

— Linaelekea.

— Wametualika tena Kipro, mwakani. Nafasi ni ya wawili, kama kawaida. Sema, nani apande na mimi?

Mama Atuganile aliacha kufunga kanga. Alawi, kwenye lango, alijifanya anakagua mnyororo. Kalinga alimtazama mwanamke aliyempenda, akaiona barabara nyeupe na mizeituni, mahali alipotamani kuwa kwa roho yake yote.

— Alawi, alisema. Mlima ule ni wenu. Mimi nilikwisha kuwashusha mara moja.

— Na nikilazimika kumsukuma?

— Msukume kwa kiganja kizima.

Tumpe alimkazia macho kwa muda mrefu. Kisha akamwonesha tuta lililokuwa halijamalizwa.

— Lima. Jembe hili halijawahi kufanya kazi. Labda ndiyo sababu lilirudi.

Kalinga aliingia shambani. Alipolinyanyua jembe, bega likamkwama katikati, jembe likabaki hewani kama kilivyobaki kiganja kile cha Kipro. Lakini hakikupita kitambo. Tumpe alikuwa amefika nyuma yake, na kiganja chake, kizima, kilikaa mgongoni mwake mbele ya mama yake na mbele ya majirani waliokuwa wamekwisha kujaa uani.

— Haya! alipaza sauti Alawi kutoka langoni. Huo mkono umefuata nini hapo?

— Umefuata kazi, alijibu Kalinga, akalishusha jembe, na udongo mweusi wa Ilomba ukapasuka.