Tangi Lililoapiwa

Pampu ya mafuta ilivuma kabla ufunguo haujagusa swichi.

Ilikuwa saa saba mchana, jua likiwa wima juu ya gereji, na fundi aliyeitwa Sikio alikuwa bado amesimama nje ya mlango wa gari lake, ufunguo kiganjani. Jina hilo alilipata kwa sababu hakufungua gari la mtu kabla ya kulisikiliza. Aliijua pampu kama imamu anavyomjua mwadhini wake: ukizungusha ufunguo nusu, huvuma sekunde mbili ndani ya tangi, husukuma mafuta mbele, kisha hunyamaza na kungoja. Haivumi bila kuamriwa. Hii ilivuma, ikanyamaza, na ndani ya ule ukimya ikasikika sauti nyembamba kama ya mtu anayemeza mate.

Hakuwa na wasaa wa kustaajabu. Katika nyumba iliyoshikana na gereji, mkewe alikuwa amelala ubavu, damu ikimtoka, mimba ina miezi minane. Tatu zilizotangulia zilikwisha kaburini. Mvua ya juzi ilikuwa imevunja daraja na teksi zote zimebaki ng'ambo. Zahanati ilikuwa upande huu, kilomita nne za matope, na mkunga alikuwa amesema maneno machache katika simu: "Asitembee. Asipandishwe pikipiki. Mleteni amelala, na mleteni sasa."

Sikio akaingia, akazungusha ufunguo. Stata ikazunguka kwa nguvu, lakini injini haikushika.

"Ni betri?" aliuliza mama mkwe kutoka dirishani.

"Betri nzima, mama. Stata inazunguka."

"Basi ni nini? Magari ya watu unayafufua, la kwako ndilo linakufia mkononi?"

Sikio alichomoa plagi moja akaijaribu: cheche ilikuwa nyeupe, kali. Aliinusa: hakuna harufu ya petroli, kavu kama mfupa wa jangwani. Moto upo, chakula cha moto hakipo. Akatazama fyuzi ya pampu, nzima. Akaufungua mpira unaoingia kwenye chujio, akauelekeza ndani ya kopo, akamwomba mama mkwe aje azungushe ufunguo.

Pampu ikavuma. Katika mpira hakikutoka kitu ila upepo wa moto, wenye harufu ya kinywa cha mtu aliyeshinda siku nyingi bila maji.

"Mshale wa mafuta unasemaje, mama?"

"Unasema limejaa."

Akachukua ufito, akautumbukiza tangini mpaka chini. Ulitoka mkavu, una vumbi nchani. Siku tatu zilizopita alikuwa ametia humo lita kumi. Alikumbuka zilikotoka, akalisukuma wazo hilo mbali, kama afanyavyo kila mja anapobishiwa hodi na dhambi yake mwenyewe.

Palikuwa na madumu mawili ya mafuta ukutani. Akalimimina la kwanza lote. Lakini hayakulia kama mafuta yaangukayo juu ya bati. Yalikwenda funda kwa funda, yakipita kooni mwa kitu, na dumu lilipokwisha kikashusha pumzi. Akautia ufito tena. Mkavu.

"Mume wangu," mkewe aliita kutoka ndani, sauti imepungua. "Miguu siisikii tena."

"Nakuja, mke wangu. Dakika moja."

Ndipo akafanya alichokuwa amezoea kufanya kila alipokwama: akainama, akaliweka sikio lake kwenye mdomo wa tangi, na mle ndani, mahali ambapo alitarajia kusikia kutu au tone au kimya tu, akasikia kwanza mkwaruzo kama wa kucha zikitafuta njia, kisha joto likampanda shavuni, kisha mtu akasema kwa upole, karibu mno, kwa sauti ambayo aliifahamu kabla hajayafahamu maneno, kwa kuwa ilikuwa sauti yake mwenyewe: "Kavu, shemeji. Tangi lilikuwa kavu. Mungu ndiye shahidi wangu, na kama nasema uongo, nisipate tone siku ya shida yangu."

Tasbihi ilimponyoka mama mkwe.

"Hiyo sauti ni yako," alinong'ona. "Ulimwapia nani, mwanangu?"

Sikio alitazama pembeni mwa gereji. Kulikuwa na pikapu iliyopondeka uso, imekokotwa hapo siku tisa nyuma, dereva wake akiwa ameshazikwa. Mjane wake alikuja na buibui la eda, akauliza jambo moja tu: mumewe alijaza tangi asubuhi ile ya ajali, je, yapo mafuta yaliyobaki, ayatumie kwenye mashine yake ya kusaga? Katika gereji ile palikuwa na desturi ya kale: kila gari linaloingia humwachia fundi kikombe kimoja cha mafuta. Kikombe cha fundi, walikiita, na hakuna aliyekiita wizi. Kikombe huzaa dumu. Mafuta ya pikapu Sikio aliyanyonya yote kwenye madumu yake, kisha akamwapia mjane.

"Kila mwanadamu ana jini wa ubavuni," mama mkwe alisema polepole. "Mtu akifa, yule hubaki, hana pa kwenda. Hukaa na alichokiacha mwenziwe. Nawe ulipolinywesha gari lako mafuta yale, ukamtia humo. Hili si gari bovu. Ni gari lenye kiu. Mpigie yule mama. Mpigie huku nikimshika mwanangu."

Simu iliita mara nne.

"Shemeji, ni mimi, fundi. Tangi halikuwa kavu. Nilikuibia. Nikaapa."

Upande wa pili mashine ya mtu mwingine ilisikika ikisaga kwa mbali.

"Nilijua," mjane alisema. "Marehemu alinionyesha risiti. Nikasema, nikigombana naye nitapata nini?"

"Mke wangu anatokwa na damu, shemeji. Gari haliwaki."

"Innalillahi." Akavuta pumzi. "Langu nimekusamehe, na mkeo nitamwombea. Lakini shahidi uliyemwita si mimi. Rudisha ulipotoa, fundi. Yote. Kisha uende."

Lilibaki dumu moja. Akili ilimwambia alimimine katika gari lake. Akili ndiyo iliyomimina la kwanza. Akalibeba hadi kwenye pikapu, akamimina tangini mwake huku akitubu kwa sauti, na mafuta yakalia juu ya bati kama mafuta. Akalitupa dumu nyuma ya kiti cha gari lake, akambeba mkewe, akamlaza, mama mkwe akakipakata kichwa chake. Ufunguo ulipozunguka, gari lisilo na tone likawaka.

Hakuuliza linakwenda kwa mafuta gani. Aliendesha.

Zahanatini walimchukua mkewe wakafunga pazia. Sikio alibaki barazani, na kupitia pazia akamsikia mkunga, aliyelaza sikio kwenye tumbo la mkewe: "Mapigo ya mtoto yanakatika. Sekunde mbili, kisha yanarudi. Tena. Yanakatika tena."

Sekunde mbili. Sikio aligeuka kulitazama gari uani. Ufunguo ulikuwa mfukoni mwake. Pampu ikavuma, na nyuma ya pazia mkunga akasema, "Yamekatika." Pampu ikanyamaza. "Yamerudi."

Akalikimbilia. Ufito ulitoka mkavu, na ufunguo haukuliamsha tena. Aliponyanyua dumu nyuma ya kiti, kitu kikachezacheza ndani yake. Akalielekeza kwenye jua. Palikuwa na mafuta chini, kiasi cha kikombe.

Hakukusudia. Hapo ndipo palipomvunja: hakukusudia. Mkono uliozoea miaka ishirini uliliinua dumu kabla halijakwisha, ukajiwekea chake, hata katika saa ya toba, hata mkewe akifa. Na mizani ya Mola haiachi chembe.

Alikimbia kilomita nne za matope na dumu kifuani. Nyuma yake, kila baada ya hatua kadhaa, kitu kilivuma sekunde mbili na kunyamaza, na kila kilipovuma kilikuwa karibu zaidi, mpaka harufu ya kile kinywa kikavu ikawa begani mwake, nayo joto likamchoma shingo, wala hakugeuka, bali alikwenda akisema kila alilolijua la kumtaja Mwenyezi, maneno yakikatika kwa kukosa pumzi, akaingia gerejini kwa magoti, akalipindua dumu juu ya tangi la pikapu, akalikung'uta, akalishikilia hivyo mpaka tone la mwisho likaning'inia, likanenepa, likaanguka.

Simu ikaita.

"Amelia," alisema mama mkwe, naye akilia. "Wa kike. Mama yake amefumbua macho."

Sikio akasujudu palepale kwenye mafuta na vumbi. Paji lake likiwa bado chini, ndani ya pikapu ile isiyo na betri wala ufunguo, pampu ikavuma sekunde mbili, taratibu, kama gari linalongoja dereva wake apande. Kisha ikanyamaza.

Tangu siku hiyo hajaonja kikombe cha fundi. Na kila gari linapoingia, kabla ya kulisikiliza, huziba masikio yake kwanza, akasoma dua.