Vigae vya Nyumba ya Bibi

Siku ya gulio, watu wa Lisbon walikuwa wamefurika pale mlimani kununua vikuukuu. Benedita, ovaroli yake imetapakaa chokaa, aliokota kigae cha buluu chenye maua.

"Kigae kimoja cha nini, bibie? Unamjengea panya?" akauliza muuzaji, kijana mmoja wa shati jeupe aitwaye Gaspar.

"Natengeneza ukuta wa mbele wa jumba la shamba, kule Azeitão. Wezi wamebandua vigae. Mvua ikiingia pale, vilivyobaki navyo vitaanguka."

"Basi niachie namba. Nikivipata, nitakupigia."

"Na usipovipata?"

"Nitapiga vilevile."

Akapiga kila jioni. Zabibu zilipomalizika kuvunwa, hakuna aliyelala bila kuisikia sauti ya mwenzake.

Oktoba Gaspar alimletea kasha zima: maua yaleyale, buluu ileile. Benedita alimrukia shingoni. Kisha akakigeuza kimoja. Nyuma kilikuwa bado na chokaa ya ukutani, na pembeni kina alama mpya za tindo.

"Umevitoa wapi, mpenzi?"

"Siri yangu. Nitakwambia siku ya harusi."

Gaspar alicheka peke yake. Katika kazi ya Benedita, kigae chenye siri ni kigae cha wizi, na wezi hao aliwachukia kuliko mvua. Akawapigia polisi. Gaspar akafungwa pingu gulioni, mbele ya wateja wake.

Jioni walimwachia. Vigae vilikuwa vya nyumba aliyorithi kwa bibi yake. Alivibandua mwenyewe, kwa ajili ya Benedita. Benedita aliyasikia hayo kwa polisi. Akampigia.

"Nisamehe, Gaspar. Nitakuja nivibandike tena kwa bibi, kwa mikono yangu."

"Viweke huko kwenye jumba lako. Mvua inakuja."

"Jumba si langu. Nakutaka wewe."

"Ungeniuliza, Benedita."

"Nilikuuliza."

"Uliuliza vigae vimetoka wapi. Hukuniuliza kama mimi ni mwizi."

Akakata simu, na hakuipokea tena.

Benedita alivibandika vyote huku akilia juu ya jukwaa. Wenye jumba wakamsifu sana. Mvua ya Novemba ilipopiga, halikupenya hata tone.

Ndipo akaenda kwenye nyumba ya bibi. Ukuta wa mbele ulikuwa umepigwa saruji tupu, na mlangoni kimetundikwa kibao kisemacho inauzwa. Alibisha hodi mpaka jirani akatoka kumwambia kwamba Gaspar alishahama.