Damu ya Fundi wa Mageti

Kila asubuhi mzee alikamua mbuzi wake huku akiwasifu. "Huyu mama yake alikuwa na maziwa mengi. Huyu bibi yake hakuwahi kuugua." Ukoo wa kila mbuzi aliujua kichwani. Majirani walimwita Mzee Mbegu, naye alilipenda jina hilo kupita kiasi.

Siku moja binti yake, mshonaji, alimwambia kwamba fundi wa mageti anataka kumposa. Mzee akaacha kukamua.

"Yule ambaye baba yake alimtelekeza mama yake kwa mwanamke mwingine?"

"Baba, yeye na baba yake ni watu wawili tofauti."

"Mwanangu, beberu wa ukoo mbovu simwingizi zizini. Usaliti umo kwenye damu."

Angeishia hapo, afadhali. Lakini mzee hakujua kufunga mdomo. Aliyasema dukani, akayasema kwa kinyozi, mpaka yakamfikia fundi. Fundi akaacha kuja. Simu hapokei. Binti alishona huku analia, na gauni la mteja likatoka mikono imegeuzwa nje ndani.

Baadaye daktari wa mifugo alikuja kuchanja mbuzi. Mzee akamsimulia alivyomkataa fundi, akitarajia kusifiwa. Daktari, mama wa makamo, akatikisa kichwa.

"Mzee wangu, hapo umechanganya mambo. Wingi wa maziwa hurithiwa, ndiyo. Lakini ukimnyima mbuzi majani, utakamua nini?"

"Sitapata kitu."

"Basi. Watu nao hurithi vinasaba kutoka kwa wazazi. Vinaweza kuchangia kidogo tabia zao. Lakini hakuna kinasaba kimoja kinachomfanya mtu amsaliti mwenzake. Kuna malezi, kuna mazingira, na kuna uamuzi wake. Beberu hawezi kuahidi kitu. Mtu anaweza."

Moyo ulimsuta mzee. Akaenda karakana, akamkuta fundi amekonda.

"Mwanangu, nimekukosea. Nisamehe."

Fundi aliendelea kusugua chuma. "Umechelewa, mzee. Nimeshaamini. Nikijitazama kwenye kioo namwona baba. Je, nikimtesa binti yako kama mama alivyoteswa?"

Mzee akamweleza yote aliyoambiwa.

"Kwa hiyo daktari anasema sitakuwa kama yeye?"

"Hakusema hivyo. Alisema uamuzi ni wako."

Jioni hiyo fundi alikwenda kwa binti. Hapakuwa na furaha kubwa.

"Naogopa," fundi alisema.

"Hata mimi naogopa. Baba yangu hajawahi kutoka nje ya ndoa. Unadhani hilo linatosha kunifanya mwaminifu? Na mimi lazima niahidi, kama wewe."

Fundi hakuwahi kufikiria hivyo. Akalia.

Walioana. Hofu haikuisha, ila walikubaliana kwamba anayeona moyo wake unayumba aseme mapema, kabla ya kutenda. Mwaka fulani, mmoja wao alilazimika kusema. Aliyesema ni binti wa Mzee Mbegu. Iliuma sana. Walizungumza mpaka wakaelewana, na mpaka leo wako pamoja.