Swali la Jumanne

Kipembe kilikuwa cha moto.

Mwanafunzi wa ukunga alikichukua kwenye rafu ya wodi ya wazazi, kile kipembe cha mti cha kusikilizia mapigo ya mtoto tumboni, akahisi joto pale pa kuwekea sikio, kama vile aliyekitumia ndiyo kwanza ameondoka. Ilikuwa saa moja asubuhi. Hakuna aliyekuwa amekigusa.

"Kipanguse tu, mwanangu," mama wa usafi alinong'ona, akimsogezea kikombe cha chai nyuma ya pazia. "Na ukisikia mtu anaomba kuuliza pale kwenye sinki, usigeuke."

"Mtu gani?"

"Mwenzako. Wa mwaka jana."

Alimweleza upesi, macho yakiwa mlangoni. Wodi ile ilikuwa na sheria ya mkunga mkuu, ambaye kwa siri walimwita Pasi, kwa jinsi sare yake ilivyonyooka na maneno yake yalivyochoma. Mwanafunzi haulizi mbele ya mgonjwa. Anaandika swali daftarini, anasubiri Ijumaa. Yule binti aliuliza Jumanne. Alisikia mapigo ya mtoto wa kitanda cha nne yakipungua, akauliza kama ni kawaida. Pasi akamnyang'anya daftari, akamtoa nje kwenye mvua. Binti akavuka barabara huku analia, hakuliona gari.

"Na mtoto?"

"Hakufika saa sita. Na binti wa watu alikufa bila kujua." Mama wa usafi alijifuta macho kwa kiwiko. "Pasi nilimkuta stoo, ameng'ata taulo asisikike."

"Leo siku gani, mama?"

"Jumanne. Kunywa chai."

Kitanda cha nne alilala mama wa mimba ya kwanza. "Usiniache, mdogo wangu," alisema, akimshika mwanafunzi mkono.

"Siondoki, dada."

Mwanafunzi aliinama, akaweka kipembe tumboni, akabana pumzi ili asikie vizuri, na badala ya mapigo ikaja harufu ya sabuni ya kufulia na nywele zilizolowa mvua, kisha ubaridi ukamtambaa shingoni kama kuna mtu ameegemea bega lake ili naye asikilize, na ndani ya ule mti, mbali, chini sana, sauti ya msichana ikasema, ikarudia, ikarudia tena, kwa adabu ya mtu aliyezoea kukemewa: Sista, naomba kuuliza.

Alimtazama Pasi upande wa pili wa wodi. Akiuliza, atafukuzwa, na mama yake nyumbani ameshawaambia majirani wote kwamba binti yake ni mkunga. Akinyamaza, kuna mtoto humu ndani ambaye hakuna aliyemsikia.

"Sista, naomba kuuliza."

Sauti zilikuwa mbili. Moja yake. Nyingine ilitoka kwenye sinki.

"Maswali ni Ij—" Pasi hakulimaliza. Alikuja polepole, akakichukua kipembe, akainama. Rangi ikamtoka usoni. Akakisogeza kidogo, akasikiliza tena, na safari hii mapigo yalikuwepo, yakikwamakwama.

"Sikuyasikia, Sista. Ni kawaida?"

"Si kawaida. Umefanya vizuri kuniita. Kimbia kwa daktari."

Wakakisukuma kitanda pamoja mpaka chumba cha upasuaji. Kabla ya saa tano mtoto alilia.

Pasi aliburuta kiti chake mwenyewe, akamkalisha mwanafunzi. Kisha akatoa drooni daftari la yule binti wa mwaka jana, akaenda kusimama kwenye sinki, akaandika huku akisoma kwa sauti ambayo wodi haikuwahi kuisikia.

"Haikuwa kawaida. Ulisikia vizuri, mwanangu. Mimi ndiye niliyekosea."

Harufu ya mvua ikapungua, ikaisha. Mama wa usafi akashusha pumzi, akarudi kwenye dekio lake.

Pasi alitaka kulifunga daftari. Ukurasa ulikuwa umelowa. Chini ya mwandiko wake, wino ukiwa bado unang'aa, kulikuwa na herufi za duara za mtu anayeandika kwa uangalifu asikosee:

Asante, Sista. Na mtoto, alipona?

Alishika kalamu mpaka zamu ikaisha, bila kuandika neno.

Asubuhi yake, kipembe kilikuwa cha moto.