Misuko ya Mkono wa Kushoto

Kila alasiri, akishatoka shuleni na kuvua sare, Mkamburi aliketi kibarazani na mama yake kusokota nyuzi za katani. Ndiyo kazi ya kina mama wengi wa Rukanga, pale chini ya mlima Kasigau. Unavuta nyuzi mbili, unazibiringisha kwenye paja kwa kiganja, zinakuwa uzi mmoja imara. Mwanzoni paja linawasha, baadaye linazoea. Mkamburi alikuwa gredi ya sita na paja lake lilikuwa limezoea zamani. Kilichomkera ni kwamba alifanya kila kitu kwa mkono wa kushoto, na wenzake shuleni walimwita Mashoto.

Siku hizi alisokota peke yake. Mama yake, Tryphena, alikaa hapo hapo, mkono wake wa kulia ameulaza juu ya mto, akiitazama barabara kama mtu anayehofia wageni.

Miezi michache nyuma, mama alisikia uvimbe kwenye titi la kulia. Hospitalini Voi walimpima, wakamwambia ni saratani, wakamfanyia upasuaji na kuliondoa titi hilo. Majirani waliambiwa amekwenda Mboghoni kumuuguza dada yake. Kidonda kilipona, lakini mkono ulibaki bila nguvu. Daktari alisema kazi haijaisha, kwa kuwa sasa alipaswa kuanza kemo, yaani dawa ya kuua mabaki ya saratani, inayoingizwa mwilini kwa dripu. Alisema pia asichelewe.

Mama alikuwa amechelewa tayari. Siku aliyopangiwa alivaa vizuri, akafika Maungu, kwenye barabara ya kwenda Voi, akageuza njia na kurudi nyumbani. Baba yake Mkamburi, aliyekuwa mlinzi huko Mombasa, aliambiwa kwa simu kwamba hospitali imeahirisha. Mkamburi alikuwa amesimama mlangoni na alisikia kila neno. Sasa mama alikuwa amepewa siku nyingine, Jumanne ijayo, na Jumanne hiyo ilimnyima Mkamburi usingizi.

Kulikuwa na shida nyingine. Jumamosi ya mwisho wa mwezi kila mwanachama wa kikundi cha wasusi hupeleka kikapu chake. Asiyepeleka, mwenyekiti, Mama Nzau, humfuata nyumbani kumjulia hali. Na mwanachama akiugua, kikapu chake huchukuliwa kikazungushwa, kila mwanamke anasuka mzunguko mmoja, kisha mwenyewe anarudishiwa kikiwa kimekamilika. Ni desturi nzuri, na mama yake Mkamburi alikuwa amewasukia wagonjwa wengi. Lakini chake mwenyewe alikificha nyuma ya mlango, kikiwa kimefika nusu.

"Mama Nzau akija hapa ataona," mama alisema. "Huyo ana macho. Ataniangalia kifua, na kesho yake nitakuwa midomoni mwa Rukanga nzima. Watasema nimerogwa. Wengine hata kikombe changu watakikataa."

"Lakini mwalimu alisema saratani haiambukizi."

"Mwalimu wako hachoti maji na wale kina mama."

Mkamburi alikitoa kikapu nyuma ya mlango. "Basi nitakimalizia mimi. Kikifika kimekamilika, hatakuja."

"Kaza nyuzi," mama alisema. "Na wakikuuliza, mimi nina malaria."

Mkamburi alisuka kila jioni hadi giza likamfukuza kibarazani. Alikaza nyuzi mpaka vidole vikafanya sugu. Alipofunga ukingo alijiona fundi, na kwa kweli kikapu kilikaza vizuri.

Jumamosi alikipeleka kwenye banda la kikundi. Mama Nzau alikuwa Mkamba aliyeolewa Rukanga kabla Mkamburi hajazaliwa. Alikuwa na mazoea ya kukipokea kila kikapu, kukizungusha na kupitisha kidole gumba juu yake. Kwenye kikapu cha Mkamburi kidole kilipanda, kikasimama, kikashuka tena.

"Mama yako yuko wapi?"

"Ana malaria."

"Pole yake. Na hiki kasuka yeye?"

"Ndiyo."

Wanawake wawili nyuma walicheka chinichini. Mama Nzau hakucheka. Alikigeuza kikapu ili Mkamburi aone mwenyewe. Kutoka kitakoni hadi katikati, misuko yote ililalia kulia, kama masuke ya mtama yaliyopigwa na upepo. Kuanzia katikati hadi juu, ililalia kushoto. Hata mtoto mchanga angeuona mpaka ule. Siku zote hizo Mkamburi alihangaikia kukaza nyuzi tu, na hakuuona.

"Ni mtindo mpya," alisema. "Mama anajaribu mtindo mpya."

"Basi mwambie malaria ikimwachia aje atufundishe." Mama Nzau alikiweka kikapu kando, mbali na vingine. "Hiki nitakaa nacho."

Mkamburi alirudi nyumbani mbio. Alimkuta mama akitoa nguo kwenye mfuko wa safari, moja moja, na kuzirudisha sandukuni.

"Siendi Jumanne," mama alisema bila kugeuka.

"Mama, daktari alisema usichelewe."

"Nitaenda mwezi ujao." Aliketi kitandani. "Wodini nililala na mama mmoja aliyenieleza. Alisema dawa ile inachoma mishipa, nywele zinatoka mafungu mafungu, unatapika hadi nyongo. Kisu nilikikubali kwa sababu nilipigwa sindano ya usingizi. Hii nitakuwa macho, Mkamburi. Nitakuwa macho, peke yangu, naitazama ikiingia." Akashusha sauti. "Na usimwambie mtu."

Mkamburi alinyamaza, na mama akakichukua kimya kile kuwa ndiyo. Lakini moyoni Mkamburi alikuwa akipima. Akisema, mama atamkasirikia. Asiposema, Jumanne itapita, na mwezi ujao utapita vilevile, na ugonjwa hauna habari na mwezi ujao. Alimpenda mama yake kuliko kitu chochote, na aliogopa kumpoteza.

Jumapili, baada ya kanisa, aliingia uani kwa Mama Nzau na kumkuta akichagua ndengu kwenye ungo.

"Mama Nzau, jana nilikudanganya."

"Najua."

"Mama hana malaria."

"Hilo nalo najua. Malaria gani hiyo ya miezi?" Mama Nzau aliweka ungo chini. "Nilikuwa nangoja mtu wa nyumbani kwenu aniambie. Mimi siingii kwa mtu kwa nguvu. Haya, kaa hapa."

Mkamburi alieleza yote, kuanzia uvimbe hadi zile nguo zilizorudishwa sandukuni. Alilia kiasi kwamba maneno mengine ilibidi ayarudie. Mama Nzau hakumkatiza wala kumgombeza.

"Unamjua Moureen wa Makwasinyi?" aliuliza mwishowe. "Yule anayefunga kilemba kila siku?"

"Wanasema alirogwa kwa sababu ya ugomvi wa shamba."

"Wanasema mengi. Aliugua saratani ya titi, kama mama yako. Alitibiwa hapo hapo Voi, kwa dripu hiyo hiyo. Siku hizi mwanamke wa huku akienda mara ya kwanza, Moureen humsindikiza. Ngoja nimpigie."

Jumatatu jioni wanawake wawili walipiga hodi. Mama aliwaona, kisha akamtazama Mkamburi kwa jicho ambalo hakuwahi kumtazama nalo.

"Umenianika," alisema.

Mkamburi alitamani ardhi immeze.

"Mgombeze kesho ukirudi kutoka Voi," alisema Moureen, akijivutia kiti bila kukaribishwa. Alikuwa mwanamke mwembamba mwenye maneno ya haraka. Alifungua kilemba, akakiweka magotini. Nywele zake zilikuwa fupi na laini kama manyoya ya kifaranga. "Zilitoka zote, Mama Mkamburi. Sasa zinarudi. Nafunga kilemba kwa sababu nimekipenda tu."

Mama alizitazama nywele zile.

"Inachoma?" aliuliza polepole.

"Mimi nilisikia baridi mkononi, si moto. Ukisikia inachoma pale sindano ilipoingia, mwite nesi papo hapo. Usijikaze. Kujikaza ndiko kunakotuumiza sisi."

"Na kutapika?"

"Nilitapika. Kuna vidonge vya kutuliza, vinywe kama walivyokuagiza, usingoje uzidiwe. Beba shali. Beba tangawizi na chakula ulichozoea. Mimi dawa yangu moja ilikuwa nyekundu, na nilipokwenda haja ndogo nikaona rangi ile ile, nikapiga mayowe nikaamsha wodi nzima. Kumbe ni dawa tu inatoka. Wewe nakuambia mapema, usiniaibishe."

Mama alicheka. Kilikuwa kicheko kidogo, lakini Mkamburi hakuwa amekisikia tangu siku ya uvimbe.

"Hili lakini si la mchezo," Moureen aliendelea. "Ukirudi nyumbani ukapata homa, hata kidogo, unaenda hospitali saa hiyo hiyo. Na dawa za miti usizichanganye na hizi kabla hujamuuliza daktari."

"Wewe hukuogopa?"

"Mimi? Nilijifungia chooni hospitalini. Mama mmoja wa Kiislamu kutoka Taveta, hata simjui, akaja akasimama nje ya mlango. Hakunibembeleza. Aliniambia leo ni zamu yake ya nne, nikiwa tayari tutaingia pamoja. Basi nikatoka."

Mama alifuta macho kwa kanga, kisha akamgeukia Mama Nzau. "Na kikundi?"

"Sijamwambia mtu. Utawaambia mwenyewe siku ukitaka." Mama Nzau alitoa kikapu kwenye mkoba wake. Alikuwa amefumua ukingo tu, nyuzi zikabaki zimesimama juu, na mzunguko mmoja mpya ulikuwa umeongezwa. "Kikapu cha mgonjwa hakimaliziwi na mtu mmoja. Mzunguko wa kwanza ni wangu. Kipande cha Mkamburi sikukifumua, kimekaza vizuri."

Asubuhi ya Jumanne Mama Nzau alikwenda kumwombea Mkamburi ruhusa kwa mwalimu, na Mkamburi akaenda Voi na mama yake na Moureen. Walimpima damu, daktari akamuuliza maswali, kisha wakaongozwa hadi mlango wa chumba cha dripu. Ndani palionekana viti vikubwa na watu waliofunikwa shali.

Mama alisimama mlangoni. Miguu ilikataa.

"Siwezi," alinong'ona. Akageuka, akaanza kurudi walikotoka.

Mkamburi alitaka kumshika nguo, amvute, alie. Moureen alimzuia kwa mkono. Alimfuata mama taratibu hadi kwenye benchi la ukumbini, akaketi kando yake, akatoa kile kikapu alichokabidhiwa na Mama Nzau na kuanza kusuka.

"Sikuharakishi," alisema. "Nina nyuzi za kutosha. Miguu yako ikiwa tayari, tutaingia pamoja."

Watu walipita, nesi akaita majina ya wengine. Moureen alisuka robo ya mzunguko, akasuka nusu. Mkamburi alisimama kando akiomba kimoyomoyo. Mwishowe mama alinyoosha mkono wake wa kulia, ule dhaifu, akaishika ncha ya uzi uliokuwa ukimponyoka Moureen.

"Unalegeza," mama alisema.

"Basi njoo unishikie ndani, huku utatuchelewesha."

Waliingia. Mkamburi alibaki kwenye benchi karibu na mlango, na kila mtu alipotoka alichungulia. Alimwona mama kwenye kiti, sindano ikiwa mkono wa kushoto, macho ameyafumba. Baadaye macho yalikuwa wazi. Baadaye tena alikuwa akizungumza. Jua lilikuwa limeanza kushuka walipotoka, mama amechoka, uso umepauka, lakini anatembea kwa miguu yake mwenyewe. Alimshika Mkamburi bega.

"Imekwisha ya kwanza," alisema. "Jana nilikukasirikia. Leo sijakasirika."

Siku zilizofuata hazikuwa rahisi. Mama alitapika, akakosa hamu ya kula, na wiki ya pili nywele zikaanza kubaki kwenye mto. Aliomba Moureen amnyoe. Jumamosi ya mkutano alijifunga kilemba, akaenda mwenyewe kwenye banda la kikundi na kuwaambia wanawake ugonjwa wake bila kuficha. Mwanamke mmoja alikitazama kikombe cha mama, akasogeza kiti chake. Mama Nzau alikichukua kikombe kile kile, akanywa chai iliyobaki, akakirudisha mezani. Kisha akakipitisha kikapu, na kila mmoja akasuka mzunguko wake, hata yule wa kiti.

Walipokuwa wakifunga ukingo, Mama Nzau alimwita Mkamburi karibu.

"Ulipodanganya ulidhani unamlinda mama yako," alisema. "Uongo ule ulimfungia ndani, yeye na hofu yake, sisi tukabaki nje na mikono yetu. Uliposema kweli tuliweza kuingia. Kuugua si aibu. Na ukiwa mtoto, ukaona jambo limekuzidi, mtafute mtu mzima unayemwamini umwambie, hata kama utakasirikiwa."

Mkamburi aliitikia kwa kichwa. Hakuna aliyecheka misuko yake ya kushoto, kwa sababu sasa ilikuwa katikati ya kikapu, imezungukwa na mikono ya wote.

Jioni hiyo Moureen alipiga simu. Kulikuwa na mwanamke kutoka Mboghoni aliyepangiwa kuanza kemo, na alikuwa akisema haendi. Siku yake iliangukia siku ile ile ya zamu ya pili ya mama.

Mama alisikiliza hadi mwisho. Alionekana amechoka, na Mkamburi alidhani atakataa.

"Nguvu sina," mama alisema kwenye simu, "lakini kukaa kwenye benchi naweza. Mwambie akiwa tayari tutaingia pamoja."

Alikata simu, akamgeukia binti yake. "Mkamburi, niletee kile kikapu. Na shali, na tangawizi, tufungashe humo."