Dakika Tatu za Ijumaa

Kila asubuhi kabla ya basi la shule kufika, mimi na mama tulipanga mayai. Shamba letu liko nje kidogo ya mji wa Decorah, Iowa, na kuku wetu hawajui sikukuu wala barafu. Trei moja hubeba mayai thelathini.

"Trei saba, Tessa?" mama aliuliza.

"Mia mbili na kumi," nilijibu huku nikipangusa yai lenye uchafu. Sikuwahi kukosea, na sijisifu.

Shuleni nilikuwa mbumbumbu. Kila Ijumaa Mwalimu Halvorson aliweka saa ya kuhesabia dakika juu ya meza yake, akatugawia maswali sitini ya kuzidisha. Tulipewa dakika tatu. Aliyefaulu jedwali la mbili alibandikiwa ukutani bakuli la karatasi. La tatu, donge la aiskrimu ya karatasi. La nne, chokoleti ya kumwagia juu. Mwezi wa Mei kila mtu angekula aiskrimu ya kweli, lakini ile tu aliyojipatia ukutani. Machi ilifika bakuli langu likiwa tupu, na jina langu chini yake kwa herufi kubwa.

"Tessa, wewe Mei utalamba bakuli," Brody alisema. Darasa zima likacheka.

Saa ile ikianza kulia tik-tik, moyo ulinienda mbio, viganja vikalowa jasho na namba zote zikanitoka. Basi nikaanza kudanganya. Kila Ijumaa nilisema tumbo linaniuma, na nesi wa shule akanilaza mpaka jaribio liishe. Nilifanya hivyo wiki sita.

Jumatano moja mwalimu alimpigia mama simu. Nisipofaulu Ijumaa hiyo, nitarudishwa kwenye hesabu za darasa la tatu. Mimi, wa darasa la tano! Nilikasirika sana.

Ijumaa sikwenda kwa nesi. Saa ilipoanza kulia, nililaza penseli na kugeuza karatasi.

"Tessa, muda unakwenda," mwalimu alisema.

"Uende tu. Mimi sifanyi."

Hakuna aliyecheka. Wakati wa mapumziko mwalimu alinibakiza darasani.

"Ujeuri huu umeutoa wapi?"

"Mwalimu, tumbo haliniumi. Nimekudanganya wiki sita. Naiogopa hiyo saa. Hesabu nazijua, niulize."

"Haya. Saba mara nane?" Mkono wake ukaibonyeza saa kwa mazoea tu. Nilifungua mdomo, hakikutoka kitu.

"Unaona?" alisema kwa upole.

"Naona, Mwalimu. Wewe ndiye usiyeona. Iondoe saa."

Nilidhani atanipeleka kwa mwalimu mkuu. Aliizima na kuifungia kwenye droo.

"Hamsini na sita," nikasema.

Aliniuliza mpaka tukafika kumi na mbili mara kumi na mbili. Nilipompa jibu, aliketi.

"Nilifeli mtihani wa udereva mara tatu," alisema. "Msimamizi alikuwa akigongagonga kalamu. Na trekta ya baba nilikuwa nikiiendesha tangu nina miaka kumi."

Jumatatu ukuta ulikuwa mtupu. Mwalimu Halvorson alisimama mbele yetu, uso umemwiva kwa aibu.

"Mtu akiogopa, ubongo wake hushughulika na ile hofu, haupati nafasi ya kutafuta saba mara nane. Nilikuwa napima woga wenu, nikaandika kwamba nimepima hesabu. Kosa ni langu. Kuanzia leo ni maswali kumi, hakuna saa, na mtasahihishana wawili wawili." Akanigeukia. "Na wewe, Tessa, ungeniambia ukweli wiki ya kwanza, usingeteseka wiki sita. Nisipojua kinachowasumbua, nitawafundisha vibaya. Ukiogopa, sema."

Brody alinyoosha mkono polepole.

"Mwalimu, mimi huwa nachungulia karatasi ya Kayla hapa kando yangu. Saa ikilia sikumbuki chochote."

Mwalimu hakumkaripia. Aliuliza kama wapo wengine wanaoiogopa saa. Mkono mmoja ukapanda, ukafuata mwingine, hata wa Kayla. Nilihesabu mikono kumi na minne, pamoja na wangu.