Kila Somo na Kadi Yake

Veridiana alichota maji kwenye kisima cha mvua, akasali, kisha akapita shambani. Maua ya mikorosho yalikuwa na unga mweupe, kama yamenyunyiziwa majivu. Mwaka uliopita ugonjwa huo wa unga, ubwiriunga, ulikausha maua yote, na familia yake haikupata hata madebe mawili ya korosho.

Alitunza kompyuta ya kituo cha elimu ya watu wazima pale Newala. Saa kumi wanafunzi wakaanza kuingia. Wa kwanza alikuwa mkulima mzee.

"Shikamoo, Baba Optatus," akasema Veridiana.

"Marahaba, Mama Dina. Leo tuonyeshe lile somo la picha la bibi shamba Regina. Maua yangu yameanza kuugua."

"Na yangu pia, Baba."

"Basi fanya haraka. Tangu biashara iwe huria, dawa ya salfa ipo madukani. Ila ukimuuliza mwenye duka inapulizwa lini na kiasi gani, anakuonyesha mlango."

Regina alikuwa amehamishiwa Songea, lakini somo lake lilibaki. Veridiana akafungua kompyuta. Ndani yake mlikuwa na masomo mia moja na ishirini. Yote aliyaandika yeye kwa jina la aliyeyaleta, kwa heshima ya kwao ya kumwita mzazi kwa jina la mtoto wake: "Ya Mama Ursula", "Ya Baba Alphonce", "Ya Baba Alphonce mpya". Regina hakuwa na mtoto wa kuitwa kwa jina lake. Kwa hiyo somo lake liliandikwa jina la mtu aliyeileta sidii ya somo hilo kituoni. Nani? Veridiana hakukumbuka.

Akafungua moja: malaria. Jingine: ushonaji. Jingine: kusoma saa.

"Hapa tumewajua wazazi wote," akasema Baba Optatus. "Bado korosho tu."

Watu wakacheka. Veridiana alicheka nao, lakini machozi yalimlengalenga. Mara mafuta ya jenereta yakaisha, na watu wakaondoka bila somo.

Akainamisha kichwa. "Bwana, nilidhani natunza, kumbe naficha. Nifundishe."

Kesho yake akafika Mwalimu Nicholaus, mwenyeji wa Bukoba, aliyefundisha sekondari. Veridiana akamweleza yote.

"Usijilaumu, Mama Dina. Umeandika nani kaleta. Hukuandika kilicholetwa. Ukienda zahanati, kadi yako ina nini?"

"Jina, umri, kijiji, ugonjwa, tarehe."

"Basi kila somo nalo lipewe kadi. Wataalamu huziita taarifa za utambulisho. Linahusu nini? Nani alilitengeneza, na lini? Ni la lugha gani, na la nani: watoto au watu wazima? Ni picha, sauti au maandishi? Je, mwingine ana ruhusa kulitumia na kulibadilisha? Mwisho, weka maneno ambayo mtu atalitafutia."

"Niandike 'ugonjwa wa mimea'?"

"Andika, lakini Baba Optatus atauliza hivyo?"

Veridiana akatabasamu. "Atasema ubwiriunga. Au unga mweupe."

"Yaandike yote."

Wakafanya kazi siku mbili. Somo la thelathini na saba, lililoitwa "Ya Baba Alphonce mpya", likafunguka: mkorosho, maua, na mkono wa Regina ukionyesha kipimo cha salfa. Veridiana akasema, "Asante, Bwana." Kisha akaandika kadi yake humohumo kwenye kompyuta.

Jioni ile darasa zima liliona somo. Kesho yake asubuhi na mapema, upepo ukiwa umetulia, walipuliza salfa, wamefunga vitambaa puani. Walirudia kwa siku zilizoonyeshwa.

Mwezi uliofuata akaja Mwalimu Lois kutoka Lukuledi, akitaka somo la ugonjwa wa mikorosho kwa wanafunzi wake. Veridiana akaandika "ubwiriunga", na somo likatokea kabla mgeni hajaketi. Kadi ilionyesha kuwa Regina ameruhusu. Lois akachukua picha zilezile, akafupisha maneno kwa ajili ya watoto, na jina la Regina akaliacha mahali pake.

Mwezi wa kumi na moja, Baba Optatus alileta kituoni kikapu kilichojaa korosho.

"Za kwako, Mama Dina. Ziandikie kadi, usije ukasahau zimetoka wapi."

Veridiana akachukua karatasi, akaandika: "Korosho. Zimetoka shamba la Baba Optatus. Somo ni la Regina. Kadi tulifundishwa na Mwalimu Nicholaus."

Akasimamisha kalamu, akafikiri. Kisha, juu kabisa, penye nafasi ya mtengenezaji, akaandika: "Mungu."